Upande wa Pili wa Santuri ya Kasamwa

Kambarage, Shinyanga,
8 Juni 1977

Wifi yangu Tabu,

Assalam aleikum. Shikamoo wifi, na baada ya shikamoo nakuuliza mguu. Akida aliniambia umevimba tangu masika, hata kukaa kwenye msala kuswali ni taabu. Namwomba Mungu barua hii ikukute unaukunja na kuunyoosha bila kuguna. Shemeji, mumeo, naye hajambo na kazi ya vitambaa? Watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani, au wanajificha kwa majirani kama zamani?

Mimi nashukuru. Nakula, naswali, nalala, homa haijanigusa tangu mwezi wa nne. Jumamosi iliyopita nimetoka eda. Mwanne, yule jirani mjane aliyehamia kwangu siku ya msiba akakaa nami miezi minne yote na siku zake kumi, alinikogesha alfajiri, tukasoma Yasini, akanivisha kanga mpya. Halafu akakunja mkeka wake akarudi kwake. Nikafungua mlango wa mbele nikasimama kizingitini. Watu wanapita, jua ni lile lile, na mimi sikujua niende wapi. Nikarudi ndani nikafagia chumba kilichokuwa kimeshafagiwa.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la pamba. Nimeisoma mara tatu. Umesema mambo mawili. La kwanza, Akida anakuja Jumamosi kuchukua gramafoni na santuri zote za duka la marehemu, azipeleke huko Geita akaziuze, kwa kuwa mpaka wa Kenya umefungwa na mzigo mpya kutoka Nairobi hauji tena. La pili umeniuliza kama ni kweli gramafoni ya kaka yako ililia ndani ya nyumba yake nikiwa katika eda. Umeandika kwamba habari hiyo imekufika mpaka huko, na kwamba nikujibu mwenyewe ili ujue bado una wifi Shinyanga au huna.

Hilo la pili nitalijibu, wifi. Nivumilie nianze na la kwanza, maana ndilo jepesi.

Uamuzi wenu sina neno nao. Duka limekaa karibu na stesheni miaka kumi na saba, na bila kaka yako Majaliwa ni chumba chenye rafu tu. Wasiwasi wangu ni Akida. Nduguyo huyu ni mtu mwema, lakini ni mtu wa vipuri vya baiskeli. Mwezi wa tatu alipokuwa akifungua duka siku mbili kwa wiki, mteja mmoja alimuuliza santuri gani ni nzuri, naye akajibu kwamba zote ni sawa, kinachotofautiana ni rangi ya karatasi ya katikati. Habari hiyo ililetwa na Mwanne, nikacheka peke yangu ndani ya eda, nikaomba toba.

Sasa wewe unajua sifa ya kaka yako. Watu wa Tinde, wa Mwadui, wa Maganzo, walikuwa wanasema Majaliwa ana sikio, akikupa santuri ujue imekwisha kupimwa. Usichojua ni jinsi ilivyopimwa. Sampuli ilipofika kutoka kwa wakala, alikuja nayo nyumbani saa ya chakula. Mimi niko jikoni, yeye sebuleni anaipiga, pazia katikati. Haniulizi kitu. Akisikia harufu ya mchuzi unaoungua, anajua nimesimama na mwiko mkononi nasikiliza, basi anaagiza ishirini. Mchuzi usipoungua anaagiza tatu. Alipokuwa mcheshi aliwaambia rafiki zake kwamba anakula vibaya ili Shinyanga isikie vizuri. Tulibishana sana, usidhani. Mimi napenda maneno. Wimbo uwe na maonyo, mtu atoke na kitu. Yeye alipenda magitaa. Zaidi ya yote alipenda zile bendi ndogo zisizo na shirika wala kiwanda cha kuzinunulia vyombo, vijana wanaoazima ngoma shuleni na kurekodi kwa nauli zao wenyewe. Alisema hao wakikosea, wanakosea wenyewe, hawajatumwa na mtu.

Kwa hiyo mwambie Akida hivi. Katika mzigo ule wa mwisho kuna aina saba.

Yenye karatasi ya kijani ni ya Ibadakuli Jazz, vijana wa hapa hapa. Wimbo unamsema mwanaume aliyerudi kutoka mnadani na ng'ombe pungufu, akamwambia mkewe wengine wamepotea mtoni. Maneno ni mazuri na mwimbaji anayatamka yakaeleweka hata ukiwa uani. Ila wanakimbia. Utadhani mwenye chumba cha kurekodia amesimama mlangoni na saa. Wimbo ukiisha unahema wewe uliyekaa.

Ile santuri kubwa yenye picha ya wanaume sita na baiskeli moja ni ya Mbiu ya Bukene. Nyimbo nane, na nne kati ya hizo ni wimbo mmoja uliobadilishwa jina la mwanamke. Lakini upande wa nyuma, wa pili kutoka mwisho, kuna mtu anapuliza tarumbeta taratibu kama anayepoza uji wa mtoto. Kwa ajili ya hiyo pekee mtu asijute. Akida awaanzishie wateja hapo, asiwaanzishie mwanzo.

Super Kilemba ni ya Nairobi kwenyewe. Hao wametakata mno. Kila kitu kipo mahali pake, hakuna gitaa lililomkanyaga mwenzake, ni kama sebule ya watu wasio na watoto. Nimeandika hivyo nikainua macho nikaona ni sebule yangu nimeieleza. Haya. Itauzika, watu wanapenda vitu visafi.

Kisha kuna Salvina na Wenzake. Hawa ni wasichana watatu wa huko Ushirombo, walikuwa kwaya ya parokia yao, wakatoka na gitaa moja. Wanaimba kama wanaofua pamoja, mmoja anasuuza, mwenzake anakamua, wa tatu anaanika. Wimbo ni wa mama anayemsubiri binti aliyeolewa mbali, na hawaongezi chumvi, hawalii. Wamesema tu kwamba mama anapika kwa sufuria ile ile kubwa. Mimi si wa dini yao na mtanisamehe, lakini hii ndiyo ningeiunguzia mchuzi mpaka kuni ziishe.

Mbili za karatasi nyekundu ni za mabaharia wa Mwanza. Nilizisahau kabla sindano haijainuka. Zipelekwe baa.

Ya saba ni ya Kasamwa Jazz, na hiyo ipo nakala arobaini. Hiyo niiache kwanza.

Wifi, wewe si mtoto. Umesoma mpaka hapa na umeshahesabu kwa vidole. Kaka yako alifariki Alhamisi, tarehe ishirini na saba Januari, na siku hiyo hiyo nikaingia eda. Mzigo ulishuka kwenye treni ya Mwanza tarehe tatu Februari, siku moja tu kabla mpaka haujafungwa, Akida akaubeba akausukuma chini ya kitanda cha chumba cha uani. Sasa huyu wifi yako Mwasiti nyimbo hizi kazisikia wapi, ikiwa katika mzigo huo ni Kasamwa pekee iliyotanguliwa na sampuli? Nilidhani naanza na lile jepesi, kumbe nimekwisha kulijibu la pili bila kukusudia.

Ndiyo wifi. Ililia. Na aliyeiliza ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukaambiwa na mwingine na nyongeza. Siku ya Maulidi mtaa wote ulikwenda uwanjani. Mwanne aliniuliza kama nitaweza kukaa peke yangu, nikamwambia nenda, usikose Maulidi kwa ajili yangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kubaki ndani ya nyumba hiyo bila mtu. Saa tatu asubuhi nikasoma Kurani. Saa nne nikasoma tena. Saa tano nikajikuta naongea na bakuli. Gramafoni ilikuwa pale pale sebuleni, tuliifunika kanga siku ya msiba na hakuna aliyeigusa. Nikasema naifuta vumbi tu. Nikaifunua. Santuri ya Kasamwa, ile sampuli, ilikuwa imelala juu yake kama alivyoiacha kaka yako, upande wa pili ukiwa juu.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Sampuli ile ilikuja mwanzo wa Januari. Kasamwa Jazz ni vijana wa upande wenu. Baba zao walikuwa wachimbaji wa mgodi wa Geita, ulipofungwa wakabaki na magitaa mawili ya klabu. Kaka yako aliipiga saa ya chakula kama kawaida. Upande wa kwanza kuna mtu anaimba, anamwita mkewe arudi kutoka kwao. Sauti mbovu, wifi, sauti ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa sato, na maneno ni yale yale, rudi, rudi nyumbani. Sikuunguza hata kitunguu. Nikasema kwa kupitia pazia kwamba hiyo arudishe Nairobi. Majaliwa akasema subiri, ngoja nigeuze, mambo yako upande wa pili. Unajua santuri hizi ndogo, wimbo unakatwa katikati, kuimba upande huu, magitaa upande ule. Mimi nikamwambia sina haja, chakula kimeiva, mtu hawezi kuharibu mwanzo akatengeneza mwisho. Miaka yote hiyo, na leo ndiyo nasema, upande wa pili sikuwa nausikiliza. Ukigeuzwa ndio wakati ninapakua, sahani zinagongana, siusikii. Nusu ya muziki wa Shinyanga niliuhukumu hivyo.

Wiki iliyofuata nikakuta kwenye mfuko wa koti lake nakala ya simu ya maandishi aliyopeleka Nairobi. Kasamwa, arobaini. Bila kuniuliza, bila mchuzi, bila chochote. Nilihisi kama nimeambiwa ameoa. Sikumwambia nimeiona. Nilinuna. Siku tisa, wifi. Nampakulia chakula, namjibu ndiyo na hapana, naondoka. Yeye hakuelewa kosa lake, na mimi nilitaka alijue bila kuambiwa. Sisi wanawake tunajua kununa, lakini kwangu hakukuwa na mtoto wa kupita katikati akachekesha watu. Majirani wananiita Mama Santuri kwa sababu hakuna jina jingine la kuniitia. Basi nyumba ikanyamaza.

Siku ya Maulidi, basi, nikaitazama ile santuri. Nikajiambia sitaipiga, nitaizungusha tu nione kama betri zipo. Nikachukua blanketi, nikaiweka gramafoni sakafuni, nikajifunika nayo gubigubi, kama mgonjwa anayejifukiza kwa majani. Sauti nikaiweka chini kabisa. Nikashusha sindano.

Linaanza gitaa moja. Linasema maneno manne, matano, kama mtu anayeuliza, halafu linanyamaza. Unangoja la pili lijibu, halijibu. Linauliza tena, vile vile, halikasiriki, haliongezi sauti. Kimya. Nilihesabu, linauliza mara saba. Ngoma zipo nyuma zinatembea taratibu, hazimharakishi. Mara ya nane, wakati umeshamwonea aibu, lile gitaa la pili linaingia kwa chini, kama mtu aliyekuwa chumba cha pili siku zote anatafuta viatu, na hapo wote wawili wanaondoka pamoja, na hakuna anayekimbia, na ile sauti mbovu ya upande wa kwanza unaielewa, ya nini, na kwa nini aliita vile. Halafu inakatika. Imekatika tu, santuri imeisha.

Niliirudia mara nne. Machozi na jasho chini ya blanketi sikujua kipi ni kipi. Na kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni, namwogopa Mungu kukudanganya, hakikuwa toba. Nilitaka kusema, Majaliwa, ulisema kweli. Nikafunua blanketi kabisa niseme.

Aliyekuwapo ni Jilala, mlangoni nje. Yule Msukuma wa Tinde, mteja wa siku nyingi, anayekuja na baiskeli kila mwisho wa mwezi. Yeye si Mwislamu na eda haijui. Alibisha hodi, akanisalimu kwa lugha yao, mwangaluka mayu, akasema nimesikia mnapima mpya, je, mchuzi umeungua? Nilimjibu kutoka ndani kwamba duka ni kwa Akida, nenda. Akaenda, akafurahi, akawaambia watu sokoni kwamba mama amerudi kwenye kazi. Hakuwa na ubaya. Habari iliyokufikia imeanzia hapo, msimlaumu.

Na sitasema ilikuwa siku hiyo moja. Baada ya hapo kila Mwanne alipokwenda sokoni nilivuta kile kifurushi chini ya kitanda nikatoa moja, nikajifunika nayo blanketi, pande zote mbili. Hivyo ndivyo nilivyozijua zote saba. Nikawa nazo na maoni yake kifuani, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba Bukene wamenirudia wimbo mmoja mara nne. Nilimwambia Mwanne mambo ya bei ya dagaa. Alinitazama wakati mwingine nikiwa nimekaa, akadhani nasoma uradi.

Wifi, kama ni kosa la gramafoni tu, ningekuomba msamaha hapa nikafunga bahasha. Lakini kuna jingine, na hili hata Jilala halijui.

Siku ile ya msiba wewe ulikaa nami mkekani, ukawaambia wanawake waliojaa kwamba kaka yako ameondoka duniani mke wake akiwa kwenye msala. Wakaitikia mashallah. Imamu naye alilitaja kwenye mawaidha, kwamba hiyo ni dalili njema kwa marehemu na kwa mke aliyemwacha. Mpaka leo wapo wanaonisalimu kwa heshima hiyo. Na mimi nilikaa kimya nikaipokea.

Ukweli ni huu. Alhamisi ile nilikuwa nimeshaswali adhuhuri. Majaliwa alirudi kula, akala, akasogeza sahani. Ilikuwa siku ya tisa ya nuno langu. Nikamsikia anaifungua gramafoni, anaigeuza ile santuri ya Kasamwa. Akaniita kwa upole, kama mtu anayemwita kuku asimtishe. Akasema, "Mwasiti, njoo kidogo. Huu upande mmoja tu, halafu sitakusumbua tena."

Nilikuwa nasikia. Nikatandika msala nikafunga swala.

Nilijua hatanikatiza. Kaka yako hakuwa mtu wa kupiga muziki mtu akiwa anaswali. Akangoja. Nikamaliza rakaa mbili, nikatoa salamu, nikasikia kiti kinalia, anadhani nakuja. Nikasimama nikafunga nyingine. Nikamaliza, nikafunga nyingine. Midomo inasoma Alhamdu, masikio yako sebuleni yanasikiliza kama ameshachoka. Nilisujudu muda mrefu, wifi, na katika sijida ile sikuwa na Mungu, nilikuwa na nuno langu. Nilitaka ajue inavyokuwa kutoulizwa.

Alikohoa. Halafu akasema kutoka pale pale alipokaa, "Haya, Mwasiti. Mungu akupokelee."

Hakuna kejeli ndani yake. Ningetamani ingekuwamo. Alichukua baiskeli akaenda stesheni kuulizia ule mzigo. Alianguka kabla hajafika kwenye reli, na yaliyobaki unayajua.

Kwa hiyo sikuwa naswali. Nilimfungia mume wangu mlango kwa swala, na dunia yote ikanisifu kwa mlango huo. Ndiyo maana siku ile ya Maulidi sikuweza kuivumilia ile santuri ikiwa imelala vile, upande uliokuwa unaningoja. Sijitetei. Eda niliivunja na nimeanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Shehe sijamwambia, nitamwambia nikimaliza kukwambia wewe. Kwanza ni wewe, kwa sababu makaburini waliuliza kama kuna mtu anayemdai marehemu ajitokeze, nikasikia nyumbani kwamba hakuna aliyejitokeza, nikamshukuru Mungu. Lakini hakuna anayesimama kuuliza marehemu mwenyewe anamdai nani. Mimi ananidai kuitika. Wewe ni damu yake, mmenyonya ziwa moja. Kama radhi yake inaweza kutoka kwa mtu aliye hai, itatoka kwako, na kama haiwezi, basi angalau ulijue deni lilivyo.

Akida akija Jumamosi sitamzuia kitu. Gramafoni nimeifuta, sindano mpya nimeiweka kwenye kiberiti nikaifunga kwa uzi kwenye mpini. Santuri nimezipanga kwenye boksi kwa mpangilio niliokwambia, za mabaharia chini kabisa. Kasamwa arobaini zipo juu. Aseme kwa wachimbaji kwamba ni watoto wa kwao, zitaisha, kaka yako aliona vizuri.

Ile sampuli ndiyo nilitaka kuiomba. Mwanne alinishauri nikuombe uniachie kumbukumbu moja, hata kama sina cha kuipigia. Nimelala nalo siku tatu wazo hilo, na nimeona siiombi. Nikibaki nayo nitaijua mimi peke yangu, na kuijua peke yangu nimeshachoka. Nimeifunga kwenye gazeti, Akida atakupa mkononi. Kaa siku shemeji hayupo, watoto wako chuoni, uisikilize. Anza na yule mwenye sauti mbovu, umvumilie. Kisha geuza.

Ukishasikia, niandikie umeonaje. Usinihurumie ukasema ni nzuri kwa sababu nimekwambia niliyokwambia. Kama gitaa lile linakuudhi, sema linakuudhi na useme wapi. Mimi nitakujibu, nitakubishia, na ukiniudhi nitakujibu siku hiyo hiyo, sitangoja ya pili. Na kama umeona kwamba baada ya haya huna wifi Shinyanga, liandike hilo nalo, nitalipokea. Ila usiache kunijibu. Chochote utakachoandika, wifi yangu, usiniache bila jibu.

Msalimie shemeji, mwambie shati alilolisahau siku ya arobaini nimelifua, Akida atalibeba. Wabusu watoto mmoja mmoja, yule mdogo mara mbili. Mwanne anakusalimu sana, nilimwambia nakuandikia, ila sikumwambia nini. Mungu auponye mguu wako na atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mke wa nduguyo,
Mwasiti binti Hamisi